Kutoka Munyaka hadi Jamhuri: Safari ya Udongo

MUNYAKA

Anayetaka kuijua Munyaka aingie saa kumi jioni, mvua ikishakatika. Mtaa huu uko upande wa mashariki wa Eldoret, jirani na Kapsoya, na umekua haraka kuliko barabara zake: lami huishia njiani, nyumba zikaendelea. Mabati na mawe yamepangana kwenye viploti vidogo, na kila penye nafasi pameoteshwa mahindi au sukumawiki. Ng'ombe amefungwa kamba kwenye mti wa parachichi, na kando yake gorofa mpya inangoja paa. Kati ya hayo yote hupita vichochoro vya murram na udongo mwekundu, na hivyo ndivyo nilivyokuja kuviona.

Nimekuwa nikifuatilia mbio za pikipiki za udongo kwa miaka mingi, na kila mara nasikia watu wakisifu miruko. Mimi hunivutia zaidi kile kilicho chini ya tairi. Nikataka kuiona ardhi hiyo ikiwa bado ni barabara ya watu, kabla haijawa uwanja, kisha niifuate hadi inapowekewa lango na bendera. Mwenyeji wangu Munyaka alikuwa kijana wa bodaboda aliyezaliwa mtaani humo. Jumatano hiyo mvua ya alasiri ilikuwa imepiga vilivyo, maana Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari na mawingu huku hayaombi ruhusa. Tulipofika mwisho wa lami alizima pikipiki.

"Mzee, shuka kwanza. Hii tunaitembea kwa miguu."

Tukatembea. Katikati ya kichochoro matairi ya siku nzima yalikuwa yamechimba mtaro wa kina cha kunifika juu ya kifundo cha mguu. Ukingo wake wa kulia ulikuwa unang'aa, udongo laini uliopigwapigwa hadi ukawa sabuni. Wa kushoto ulikuwa na kokoto zilizoachwa wazi na maji. Chini kabisa ya mtaro palikuwa na maji ya kahawia, na ndani yake jiwe moja ambalo mgeni asingelijua. Kijana akanieleza hesabu yake. Asubuhi njia nzuri ilikuwa kulia, udongo ukiwa mkavu na mgumu. Saa sita kila mtu alikuwa amepita kulia, kulia kukaharibika, wakahamia katikati. Mvua ilipokuja katikati pakawa mfereji. Sasa ni kushoto, juu ya kokoto, lakini si kwa muda mrefu, kwa sababu wenzake ishirini wa steji nao wanalijua hilo.

Maelezo hayo yangetosha kufungulia darasa katika shule yoyote ya mbio za udongo. Waendeshaji wa mashindano nao huutembelea uwanja kwa miguu kabla ya kuwasha injini. Wanatafuta kitu hicho hicho: mahali ambapo njia ya wengi itaharibika, na mahali ambapo njia nyingine itazaliwa.

Steji ya mtaa iko kwenye njia panda, chini ya banda la mabati. Eldoret ilizoea bodaboda za baiskeli kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2008 serikali ilipoondoa ushuru wa pikipiki zisizozidi cc 250, na Boxer na TVS zikajaa nchi nzima. Mwaka huo huo ulianza vibaya hapa. Ghasia za baada ya uchaguzi ziliwaka, na tarehe 1 Januari kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa moto huku watu wamejihifadhi ndani. Barabara zilifungwa kwa mawe na magogo. Leo steji inaendeshwa kwa foleni: aliyetangulia kufika hutangulia kuondoka, na hakuna anayeulizwa jina la ukoo. Nilisikia Kikuyu, Kinandi na Kiluhya kwenye benchi moja, na Kiswahili kikiamua ubishi kuhusu nani anadaiwa mafuta.

Jioni tulikula githeri iliyokaangwa na parachichi pembeni. Mzee mmoja jirani alituletea mursik kwenye kibuyu, maziwa yaliyogandishwa ndani ya chombo kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, yakawa na michirizi ya kijivu na ladha ya moshi. Akatukumbusha kwamba tope la nyanda hizi halikuanza na pikipiki. Mwaka 1908 makaburu walioongozwa na Van Rensburg walipanda kutoka Nakuru na magari yao ya ng'ombe, wakipasua misitu na vinamasi kufika Uasin Gishu. Mji uliozaliwa hapo uliitwa Sixty-Four, kwa namba ya shamba, ukapewa jina la Eldoret mwaka 1912, na ukawa jiji Agosti 2024.

"Jiji ni huko kwenye lami," akasema mzee. "Huku bado tunavuka."

ITEN

Alhamisi alfajiri tulishika barabara ya Iten. Ni safari fupi, ila hewa inakuwa nyembamba kidogo kidogo mpaka kufika mita 2,400, na pale kwenye lango linalotangaza kwamba hapa ndipo nyumbani kwa mabingwa, hata injini ya Boxer inapumua kwa shida.

Alhamisi Iten ni siku ya fartlek, mazoezi ya kukimbia kasi na polepole kwa zamu kwenye njia za murram. Kundi hukusanyika asubuhi, mamia ya watu, mabingwa na wasiojulikana bega kwa bega, kisha mtu anapiga kelele na wote wanaondoka. Tuliegesha pikipiki mbali ili tusiwatimulie vumbi. Bodaboda wa huku wana adabu hiyo: mkimbiaji akionekana, mkono unalegea kwenye mafuta.

Hapa ndipo Shule ya St. Patrick's ilipo, ambako Bruda Colm O'Connell wa Ireland alifika mwaka 1976 kufundisha na akaishia kuwalea wakimbiaji, akiwamo David Rudisha aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Nilitazama miguu ya kundi lilipokuwa likipinda kona. Waliotangulia walikata ndani, wakavuruga kokoto. Wa katikati wakatanua kidogo. Wa mwisho wakapita karibu kabisa na majani, mahali pabaya zaidi kwa macho lakini pagumu chini ya soli. Hakuna aliyewaambia. Kijana wangu aliliona kabla yangu, akacheka: "Hawa nao wanasoma."

Tulikunywa chai ya maziwa na chapati kwenye kibanda, tukashuka hadi ukingo wa bonde. Ardhi inakatika ghafla. Chini, zaidi ya mita elfu moja, Bonde la Kerio limelala rangi ya majani makavu, na ng'ambo yake Milima ya Tugen imesimama kwa rangi ya bluu. Ukuta huu wa Elgeyo ni mpasuko wa Bonde la Ufa, na kila tabaka lake lina udongo wake: juu mwekundu unaonata, katikati mawe yaliyoporomoka, chini mchanga. Aliyetaka kubuni uwanja mgumu wa pikipiki asingeweza kupanga mambo vizuri zaidi.

TAMBACH

Lami inateremka kwa kona nyingi kupitia Kessup hadi Tambach, na ni barabara nzuri. Sisi Ijumaa tulichepuka tukashika vijia vya zamani vya ng'ombe na watembea kwa miguu, vinavyokata kutoka rafu moja ya mlima hadi nyingine.

Mteremko wa mawe una kanuni zake. Breki ya mbele, ambayo kwenye lami ndiyo mkombozi, hapa inaweza kukuangusha, kwa sababu tairi la mbele likijifunga juu ya jiwe linaloviringika huna tena usukani. Dereva anaweka gia ya chini na kuiacha injini ishike mwendo, breki ya nyuma ikisaidia. Anasimama juu ya vikanyagio, magoti yakibana tangi, kiuno kimerudi nyuma. Macho yanaangalia mbali, mita kumi mbele, kwa sababu jiwe lililo chini ya tairi limekwisha kupita na hakuna unaloweza kulifanyia. Mahali ambapo kijia kimelalia upande wa bonde, uzito unahamishiwa kwenye kikanyagio cha upande wa chini, ili pikipiki isimame wima na meno ya tairi yakamate. Nilimwona kijana akifanya yote hayo na Boxer yenye kikapu cha chuma nyuma na tairi la barabarani lililokaribia kuwa kipara.

Tulipishana na mama aliyebeba kuni. Alisimama kando bila kuombwa, akaonyesha kwa kidevu upande wa kupita. "Chamgei," akasema, kisha kwa Kiswahili: "Pale chini pamebomoka jana. Piteni kwa mbuzi." Kweli, mbele kidogo njia ya pikipiki ilikuwa imeporomoka, na njia ya mbuzi, nyembamba na iliyokanyagwa vizuri, ilizunguka kwa juu. Tukapita kwa mbuzi.

Tambach ilikuwa makao ya utawala wa wilaya zamani, kabla ya ofisi kuhamia Iten. Sasa ni mji mtulivu wa chuo cha ualimu na miembe. Watu wa ukuta huu wana historia ndefu ya kuusoma mteremko. Kaskazini kidogo, Wamarakwet walichimba mifereji inayoteremsha maji ya mito ya juu hadi mashamba ya bondeni, mingine ikipita juu ya magenge, na wamekuwa wakiitunza kwa vizazi na vizazi. Aliyeichimba hakuwa na kipimo zaidi ya jicho lake na maji yenyewe. Baada ya kila mvua kubwa, ukoo wenye mfereji hutoka kuuzibua na kuujenga upya. Mfereji huo haukamiliki ukaachwa, na nilipokuwa nikiutafakari nilianza kuelewa kwa nini uwanja wa pikipiki nao haukamiliki.

BIRETWO

Sakafuni mwa bonde joto linakupokea kwa mikono miwili. Biretwo ni kituo cha maembe, mapapai, tikitimaji na asali, na harufu ya vumbi lenye jua. Hapa tope limeisha, mchanga umeanza, na yote tuliyojifunza juu yanageuka.

Mwenda pole hajikwai, tumefundishwa. Kwenye mchanga mzito mwenda pole ndiye anayeanguka. Ukilegeza mafuta, uzito wote unasogea mbele, tairi la mbele linajichimbia, na usukani unageuka peke yake. Inabidi uongeze mafuta wakati mwili wote unakuambia upunguze, ili mbele iwe nyepesi ielee juu. Usukani unaushika kwa vidole tu, unauacha ucheze. Nilimwona kijana wa Munyaka, aliyeteremka ukuta mzima wa mawe bila kutetereka, akikaza mikono mara ya kwanza alipoingia kwenye korongo la mchanga, na pikipiki ikamvuta kwenda kichakani. Vijana wa Biretwo waliokuwa chini ya mgunga walicheka kwa upole. Mmoja akachukua Boxer ile ile, akapita korongo lile akiwa amesimama, karibu bila kushika kitu. Mabadilishano hayo ya elimu yalinifurahisha: kila mmoja bingwa wa udongo wa kwao.

Mchana tulikula nyama ya mbuzi ya kuchemsha na ugali wa wimbi, mweusi na mzito, tukamalizia na embe. Alasiri tukaenda Cheploch, pale Mto Kerio unapobanwa na kuta za mwamba chini ya daraja, na wavulana wakaruka kutoka juu kwenda kwenye maji ya kahawia. Kabla ya kila mruko mvulana alitazama maji kwa muda mrefu. Mto ukibeba mchanga mpya, kina cha jana si cha leo.

Jumamosi tulipanda Kabarnet kwa lami, tukashuka Marigat na kufika Nakuru jioni. Ni nchi nzuri, ila kwa mwenye kutafuta udongo mbaya ilikuwa siku ya mapumziko.

JAMHURI

Jumapili tulikuwa Nairobi, kando ya barabara ya Ngong, kwenye uwanja wa pikipiki wa Jamhuri Park. Familia zilikuwa zimetandaza vitambaa vya kukinga jua, watoto wa miaka mitano na sita wakivishwa helmeti kubwa kuliko mabega yao kwa ajili ya pikipiki za cc 50. Hao huanza hapo, wakapanda hadi cc 65, 85 na 125, na watu wazima hushindana kwa injini za 250 na 450.

Mchezo huu una karne moja sasa. Mbio zinazohesabiwa kuwa za kwanza zilifanyika Camberley, Uingereza, mwaka 1924, na ubingwa wa dunia ulianza mwaka 1957. Kwetu Afrika Mashariki nako una wapenzi wake: Uganda wana uwanja wao maarufu wa Busiika, kaskazini mwa Kampala, na madereva wa Kenya na Uganda wamekuwa wakivuka mpaka kupimana nguvu. Afrika imeonyesha pia inavyoweza kufika mbali, maana mwaka 2024 Ross Branch wa Botswana alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio ndefu za jangwani.

Mapema trekta lilikuwa limeupasua uwanja kwa majembe na maji yakamwagwa juu. Mgeni hushangaa: kwa nini kuharibu njia iliyoshindiliwa vizuri? Jibu ni kwamba njia ngumu na laini ina mstari mmoja tu wa haraka, na kila mtu ataufuata, mbio zikawa msafara. Udongo uliopasuliwa unasogea. Mzunguko wa kwanza uko tambarare. Wa tatu kona zimeanza kupata mitaro, na kingo za nje zimejaa udongo uliorushwa, ukawa ukuta wa kuegemea. Kufika wa kumi mbele ya kila kona pamezuka vituta vya breki, na baada yake vituta vya kuongezea mafuta, na mtaro uliokuwa njia ya mshindi umechimbika hadi vikanyagio vinagusa kingo zake. Atakayeendelea kupita pale alipopita mwanzo atapitwa na anayetafuta.

Kijana wangu alisimama kwenye waya, kimya, akatazama kona moja mizunguko mingi. Pikipiki za mashindano zina shoki zinazozama karibu sentimita 30, zaidi ya mara mbili ya Boxer. Hazina taa wala kioo. Bei ya moja, ikiwa mpya, inanunua Boxer kadhaa. Lakini kona aliielewa haraka. "Yule wa bluu ataenda nje sasa," akasema. Yule wa bluu akaenda nje, akaegemea ukingo, akatoka na kasi, akampita aliyekuwa ndani ya mtaro.

Kilichomshangaza kilikuwa kingine. Mwanzoni pikipiki zilijipanga nyuma ya lango la chuma. Msimamizi akainua kibao cha sekunde 15, kisha cha 5, na baada ya hapo lango linaweza kuanguka wakati wowote kati ya sekunde ya tano na ya kumi, ili asiwepo wa kubahatisha. Lango lenyewe huangukia upande wa madereva, kwa hiyo mwenye pupa hujifungia mwenyewe. Penye kila mruko alisimama mtu mwenye bendera. Dereva mmoja alipoanguka mahali ambapo wanaofuata wasingemwona, ya njano ikapeperushwa, na wote waliokuja nyuma wakapunguza mwendo, wakaupita mruko matairi yakigusa ardhi badala ya kuruka, bila mtu kumpita mwenzake. Gari la wagonjwa lilikuwa pembeni, injini ikinguruma. Dereva akainuka, akaitikisa mikono, akarudi kwenye pikipiki.

"Kumbe hapa mtu akianguka, wote wanajua," kijana akasema. Nikaelewa alichokiona. Kichochoro cha Munyaka, korongo la Biretwo na kijia cha Tambach havina bendera. Mvua ikibomoa njia, anayefuata huambiwa na mama wa kuni kama bahati ipo. Ukali wa njia unaweza kuwa ule ule, na ujuzi wa kuisoma ninathubutu kusema Munyaka wanao zaidi, kwa kuwa wao huisoma kila siku wakiwa na abiria nyuma. Uwanja umeongeza mambo machache tu: watu wanaotazama, sheria ya lini usiruke, na daktari. Hayo yanagharimu, lakini hayagharimu kama pikipiki ya mashindano, na wala hayahitaji kungoja Nairobi. Iten ilitoa mabingwa wa dunia juu ya murram kwa sababu palikuwa na watu waliosimama kando ya njia kila asubuhi, wameshika saa. Uasin Gishu tayari ni mwenyeji wa mbio za magari za Eldoret. Kiwanja cha udongo, lango, bendera saba na gari la wagonjwa si ndoto kubwa kwa kaunti ya namna hiyo.

Msomaji atakayekwenda Jamhuri siku ya mashindano nampa ushauri mmoja. Aachane na mruko mkubwa ambako wenye kamera hujazana. Huko kila mzunguko unafanana na mwingine. Achague kona mbaya kuliko zote, asimame hapo tangu mzunguko wa kwanza, na ajaribu kusema kwa sauti, kabla pikipiki hazijafika, ni upande gani utakuwa mzuri safari hii. Kama anaye jirani wa bodaboda, aende naye na amlipie kiingilio. Atapata mwalimu.